Shamba Lake na Matunda Yake

Mazungumzo ya redio. Somo: 2 Wafalme 8:1–6

  

Sisi tunaosema nanyi leo ni wawili, mume na mke, washirika wa kanisa moja hapa Changamwe. Mchungaji wetu alituomba tuzungumze juu ya fedha katika nyumba ya Mkristo. Tulipokaa kutayarisha mazungumzo haya, tuliona kwamba hatuwezi kusema juu ya fedha bila kusema juu ya shamba. Wala hatuwezi kusema juu ya shamba bila kuuliza: ni la nani?

Somo letu ni habari za yule mama wa Shunemu, ambaye mwanawe alifufuliwa kwa maombi ya Elisha. Nabii alimwonya kwamba njaa ya miaka saba inakuja, naye akaondoka na jamaa yake akaenda kukaa ugenini katika nchi ya Wafilisti. Miaka saba ilipokwisha akarudi. Lakini nyumba na shamba vilikuwa mikononi mwa watu wengine. Basi akaenda kwa mfalme kulia haki yake. Mfalme akamwuliza habari, naye mama akamweleza kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo mfalme akamweka afisa mmoja asimamie jambo hilo, arudishiwe mali yake yote.

Ndugu msikilizaji, shika neno moja hapa, kwa maana tutalirudia mwisho. Mfalme hakuagiza shamba peke yake lirudishwe. Aliagiza pia yarudishwe matunda yote ya shamba, tangu siku mama yule alipoondoka nchini hata siku ile aliyosimama mbele yake. Mfalme alijua kwamba shamba si udongo tu. Shamba ni chakula kilicholiwa, na chakula hicho kililiwa na watu wasiokuwa wenyewe.

Sasa tuwaeleze habari zetu wenyewe, wala hatutajificha.

Tunakaa Changamwe kwa sababu ya kazi, lakini kwetu ni pande za Kaloleni. Ukishuka Mazeras na kupanda gari jingine, unafika. Baba yetu mzee, kabla hajafariki, aliwagawia wanawe wa kiume shamba, kila mmoja kipande chake na hati yake. Dada zetu hawakuulizwa neno. Kipande chetu kina minazi, mikorosho michache, na mahali pa kulima mahindi na mihogo.

Kwa miaka mingi nyumba yetu ilikuwa na mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa nazi. Mke ndiye aliyepalilia chini ya minazi, akaokota nazi zilizoangushwa na mkwezi, akazirundika. Lakini mchuuzi alipofika na gari lake, aliyesimama naye chini ya mnazi kupatana bei alikuwa mume, na fedha ziliingia mfukoni mwa mume. Hakuna aliyeona ajabu. Hati ilikuwa na jina lake. Mfuko wa pili ulikuwa wa makuti na mchicha. Huo ulikuwa wa mke, na ulikuwa mdogo. Lakini chumvi ilitoka humo, na mafuta ya taa, na daftari za watoto, na dawa ya homa, na sadaka ya Jumapili.

Basi mwaka mmoja, mtoto wetu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Ilikuwa wiki ile ile nazi zilipouzwa. Mke akasema, "Baba watoto, fedha za nazi si zimepatikana?" Mume akajibu kwamba zimekwisha. Kulikuwa na matanga ya rafiki, naye alikuwa ameahidi mbele ya watu, na ahadi ya mwanamume haivunjwi. Hatukugombana. Tulinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko ugomvi. Mtoto alikaa nyumbani mpaka makuti yaliposukwa ya kutosha.

Wasikilizaji, hatukuambii kwamba mume yule alikuwa mlevi au mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa. Fedha hazikupotea; zilikwenda mahali pa heshima yake. Hilo ndilo tunalotaka lionekane. Mwenye kupatana bei hukumbuka kwanza yale anayodaiwa na watu wa nje, na mwenye kupika hukumbuka kwanza yale anayodaiwa na watu wa ndani. Mtoto akiamka na njaa haendi kumwuliza mwenye hati. Humwuliza mama.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mtaalamu mmoja wa uchumi, Bibi Cheryl Doss, alichunguza hesabu za matumizi ya nyumba nyingi katika nchi ya Ghana, akachapisha matokeo yake mwaka wa 2006. Aliona kwamba huko mashambani, sehemu ya ardhi ya familia iliyo mali ya mwanamke ikiwa kubwa zaidi, sehemu ya fedha inayokwenda kwenye chakula nayo huwa kubwa zaidi. Mwingine, Bibi Esther Duflo, alichunguza malipo ya uzeeni ya Afrika Kusini, na mwaka wa 2003 akaandika kwamba malipo yakipokelewa na bibi, wajukuu wa kike walionekana wana afya na kimo bora. Yakipokelewa na babu, tofauti hiyo haikuonekana. Hatusemi kwamba wanawake ni malaika. Twajua akina mama wanaopoteza fedha, na twajua akina baba wanaofunga njaa ili watoto wasome. Twasema tu kwamba fedha hufuata mkono unaozishika, na mkono hupata nguvu kwa kile unachomiliki.

Hapa kwetu mjini twaona vivyo hivyo. Katika mitaa ya Kisauni, Likoni na Changamwe mnazijua zile nyumba za Kiswahili zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, mwenye nyumba akilipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyingine ni za akina mama. Mama mmoja mzee wa Kisauni alituonyesha vyumba vyake akisema, "Chumba hiki cha mbele ni karo, hiki ni unga, na kile cha nyuma ni dawa yangu ya presha." Alijua kila chumba kinalisha nini. Lakini ardhi si yake. Mwenye ardhi akiuza, karo na unga na dawa vyote huondoka siku moja.

Sasa turudi Kaloleni, kwa maana bado hatujasema lililo zito.

Ndugu yetu alifariki. Aliacha mjane na watoto watatu, na kipande chake cha shamba karibu na chetu. Baada ya maziko, wanaume wa jamaa walikaa barazani kupiga hesabu ya madeni ya mazishi. Wakasema, shemeji ni mgeni tu hapa, huenda akaolewa kwingine, na hati haina jina lake. Wakakata shauri minazi yake iwekwe rehani kwa wagema mpaka deni liishe. Ninyi watu wa pwani mwajua maana yake. Mnazi ukigemwa tembo, hauzai nazi. Mjane aliachiwa nyumba na kivuli cha minazi.

Mmoja wetu alikuwa katika baraza ile. Hakusema ndiyo, wala hakusema la. Alikunywa chai, akarudi Changamwe.

Miezi ikapita. Siku moja jioni tukasikia hodi mlangoni. Alikuwa shemeji, na watoto, na kifurushi kimoja. Binti yake mkubwa alikuwa kidato cha pili. Alikuwa ameacha shule tangu muhula uliopita. Tuliwakaribisha, tukala nao, tukawatandikia. Usiku ule, watu wote walipokwisha kulala, mke akasema kwa sauti ya chini, "Baba watoto, ukifa wewe, mimi nitabisha hodi kwa nani?"

Mume hakuwa na jibu. Alikuwa amehubiri mara nyingi juu ya wajane na yatima, na sasa mahubiri yake yote yalikuwa yamelala sakafuni, juu ya mkeka, mbele ya macho yake.

Asubuhi tulikwenda kwa mchungaji. Yeye hakutukemea. Alitufungulia somo hili tulilolisoma leo, kisha akatuelekeza kwa mtu anayejua sheria. Huko tulijifunza mambo ambayo twawaomba mtu aliye na kalamu ayaandike.

La kwanza. Sheria ya urithi ya Kenya, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yamtambua mjane. Mtu akifa bila wosia, akiacha mke mmoja na watoto, vyombo vya nyumbani ni vya mjane, na mali iliyobaki, pamoja na shamba, ni ya mjane kuitumia maishani mwake. Baadaye watoto hugawana sawasawa. Sheria haisemi mtoto wa kiume wala wa kike, yasema mtoto. Mwaka wa 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe kidogo kwa kuwa wataolewa. Jirani zetu Waislamu wao huenda kwa Kadhi, na katika sheria yao pia mjane na binti wana mafungu yao yaliyowekwa. Basi hakuna anayeweza kusema kwamba dini yamruhusu kumtoa mjane mikono mitupu.

La pili. Katiba ya mwaka wa 2010 yakataza ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi, uwe wa sheria au wa mila. Nayo Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka wa 2013 yasema kwamba mali ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani ndoa ikiwa hai, bila mwenzi wa pili kukubali. Tena yahesabu kazi ya nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa ni mchango. Lakini angalieni, haisemi kwamba ndoa ikivunjika kila kitu hugawanywa nusu kwa nusu. Mahakama Kuu Zaidi ilieleza mwaka wa 2023 kwamba kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango wake. Kwa hiyo ni heri majina mawili yaandikwe mapema, wakati wa upendo, kuliko kutafuta mashahidi wakati wa uchungu.

La tatu. Mjane asingoje. Hupata barua kwa chifu yenye majina ya warithi wote, hufungua maombi mahakamani, tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku thelathini. Cheti kikitolewa, kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita, ndipo shamba huandikwa upya. Ni safari ndefu, lakini ina mwisho.

Tulirudi Kaloleni pamoja na mchungaji na wazee wawili wa kanisa. Mume akasimama katika baraza ile ile, akawaambia ndugu zake kwamba alikosa. Haikuwa rahisi. Mmoja alimwuliza kama siku hizi ametawaliwa na mkewe. Mwingine akasema, "Shemeji hana karatasi."

Hapo mzee mmoja wa kijiji, mtu wa miaka mingi, akainua fimbo yake. Akatukumbusha kwamba mwaka wa 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi, ikawataka watu wa ukanda wa pwani wathibitishe madai yao. Ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wazee wengi hawakuwa na karatasi. Walikuwa na makaburi na minazi. Akasema, "Tangu utotoni twalia kwamba tulinyang'anywa kwa kuwa hatukuwa na karatasi. Leo nasi twamwambia mjane wetu neno lile lile?" Baraza likakaa kimya.

Wasikilizaji wa Likoni, ninyi mlielewe neno hilo kuliko wengine. Shamba la Waitiki, ekari 930, lilikuwa na mgogoro wa miaka mingi baada ya machafuko ya mwaka wa 1997, mpaka serikali ilipolinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na hati zikaanza kutolewa mwaka wa 2016. Watu waliimba siku ile. Lakini kila hati ina mahali pa jina. Wewe baba uliyepata hati, huko Likoni au penginepo, ifungue leo uitazame. Nani ameandikwa? Na yule aliyekaa nawe miaka yote ya wasiwasi, akichota maji na kulinda mlango, jina lake liko wapi?

Ndugu walikubali mwishowe. Deni la mazishi tulilichanga wote, wagema wakalipwa kilichobaki, minazi ikaachiliwa. Mahakama ikamaliza kazi yake, na shemeji akashika shamba lile yeye na watoto wake.

Msimu wa kwanza wa nazi tulikuwapo. Tulimwona akisimama na mchuuzi chini ya mnazi, akikataa bei ya kwanza, akikataa na ya pili. Alipopata fedha, alilipa karo ya wadogo wawili. Akanunua gunia la mahindi kabla bei haijapanda. Akanunua pipa la kukingia maji ya mvua. Iliyobaki akaifunga katika pindo la leso, na Jumapili tukaona sehemu yake katika kapu la sadaka. Hakuna aliyemfundisha mpango huo. Alikuwa nao moyoni siku zote. Alikosa fedha za kuutimiza.

Nasi tulijifunza. Siku hizi mchuuzi akija, tunasimama wote wawili. Kiwanja kidogo tulichonunua Kisauni kina majina mawili. Na dada zetu tumewaita, tumeanza nao mazungumzo ambayo baba yetu hakuyaanza. Bado hayajaisha.

Lakini tuliahidi kurudia neno moja, nalo ni hili. Mfalme yule alimrudishia mama wa Shunemu shamba pamoja na matunda yake yote. Sisi tuliweza kurudisha shamba. Matunda hatukuweza. Nazi za misimu ile zilikwisha kuwa tembo, na tembo lilikwisha kunywewa. Yule binti wa kidato cha pili, tulipompelekea habari kwamba karo ipo, alikuwa amekwisha kwenda kufanya kazi ya nyumba mjini. Alikuja kutuamkia. Akasema, "Asanteni, baba mdogo na mama mdogo, wapeni wadogo zangu wasome." Hakurudi darasani. Kila tukimwona, twakumbuka kikombe cha chai kilichonywewa barazani na mtu aliyenyamaza.

Ndugu msikilizaji, labda wewe nawe umekaa katika baraza kama ile. Labda jamaa yako wangali wanakata shauri juu ya mjane wiki hii. Usingoje kama tulivyongoja. Shamba linaweza kurudishwa baada ya miaka kumi. Mwaka wa mtoto shuleni haurudishwi na mahakama yoyote. Mungu apenda toba, lakini apenda zaidi toba inayokuja kabla ya msimu kupita.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyemsikia mama wa Shunemu, utusikie na sisi. Utusamehe sisi tulionyamaza. Wape akina mama kinywa cha kusema haki yao, na akina baba masikio ya kusikia. Wabariki wajane wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na wa mashamba yote tunakotoka. Mkumbuke binti yetu yule, na wote waliokosa shule kwa makosa ya wakubwa wao. Uwafungulie mlango mwingine. Utufundishe kuandika majina ya wapenzi wetu wakati tungali hai. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mpaka tutakapoonana tena hewani, twawatakia amani ya Bwana. Kwaherini.